Pikapu ya ukubwa wa kati

Pikapu ya ukubwa wa kati ni gari la mizigo mepesi lenye kebini mbele na bodi iliyo wazi nyuma, lililojengwa juu ya chesi ya chuma na kukusudiwa kubeba takriban tani moja. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 5.2 na 5.4, na upana ni kama mita 1.85 hivi. Mifano inayojulikana zaidi ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200 (ambayo huitwa pia Triton), Nissan Navara, Mazda BT-50 na Volkswagen Amarok. Pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-150, ni kundi jingine: ni pana zaidi, na zile zenye milango minne hukaribia mita 6.

Katika Afrika ya Mashariki, kama ilivyo Australia, Afrika Kusini na Uthai, gari hili mara nyingi hununuliwa lifanye kazi mbili. Siku za wiki hupeleka mafundi, saruji na zana saiti. Jioni na mwisho wa wiki hubeba familia. Kazi hizo mbili hudai vitu vinavyopingana. Kila kiti kinachoongezwa hupunguza bodi, na kila abiria anayepanda hupunguza kilo za mzigo. Wanunuzi wengi hutazama kwanza jina la kampuni na nguvu za injini, ilhali hesabu ya uzito ndiyo huamua kama gari litafaa.

Historia

Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu iliyotengenezwa kiwandani. Kabla ya hapo wanunuzi wengi walijitengenezea bodi za mbao juu ya magari ya kawaida. Wazo la kuunganisha kazi na familia husimuliwa zaidi kwa kisa cha Australia. Inasemekana mke wa mkulima aliiandikia kampuni ya Ford huko Geelong akiomba gari litakaloweza kuwapeleka kanisani Jumapili na kubeba nguruwe kwenda sokoni Jumatatu. Mbunifu Lewis Bandt alichora gari lenye sehemu ya mbele ya starehe na bodi nyuma, nalo likaanza kutengenezwa mwaka 1934. Waaustralia wangali wanaliita gari la aina hiyo "ute".

Kebini yenye safu mbili za viti ilikuja baadaye. International Harvester ya Marekani ilitoa Travelette mwaka 1957, na mwaka uliofuata Volkswagen ikaanza kuuza gari lake dogo la mizigo likiwa na kebini mbili. Toyota Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968, ikiwa ndogo kuliko ya leo na ikisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Kizazi cha nane kilitoka mwaka 2015.

Leo kitovu cha utengenezaji wa pikapu za tani moja ni Uthai, ambako Hilux, D-Max, Triton na Navara hutengenezwa. Afrika Kusini nayo hutengeneza Hilux mjini Durban na Ranger huko Silverton, Pretoria. Nchi hizo mbili huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia. Japani, inakotoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika ya Afrika ya Mashariki, iliacha kuuziwa Hilux mwaka 2004, na gari hilo lilirudi sokoni humo mwaka 2017 tu, likiagizwa kutoka Uthai. Ndiyo sababu anayetafuta Hilux ya miaka ya kati kwenye minada ya Japani haipati, na zilizotumika huletwa zaidi kutoka Uthai, Uingereza au Afrika Kusini.

Nchini Kenya, Isuzu East Africa huunganisha D-Max jijini Nairobi. Kiwanda hicho kilijulikana kama General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Kabla ya enzi ya dizeli za Kijapani, pikapu ya Peugeot 504 ilipendwa sana nchini humo, na nyingi ziligeuzwa kuwa matatu.

Aina za kebini

Kebini moja ina safu moja ya viti kwa watu wawili au watatu, na bodi ya urefu wa takriban mita 2.3. Kebini ya nusu, yenye nafasi ndogo nyuma ya viti vya mbele, ina bodi ya karibu mita 1.8. Kebini mbili, ambayo mitaani huitwa "dabo kebini", ina milango minne, watu watano, na bodi ya mita 1.5 tu.

Tofauti ya sentimita 80 kati ya kebini moja na kebini mbili huonekana mara tu vifaa vya ujenzi vinapoanza kupakiwa. Mabati ya mita 3 hutokeza nyuma hata kwenye kebini moja, na kwenye kebini mbili nusu yake hubaki nje. Nondo huuzwa zikiwa na urefu wa mita 12. Zikikunjwa katikati huwa mita 6, ambazo bado ni zaidi ya gari zima. Mbao za plaiwudi na za dari zenye upana wa mita 1.22 kwa kawaida hazilali sakafuni, kwa sababu nafasi kati ya matuta ya magurudumu ni kama mita 1.1. Volkswagen Amarok ni miongoni mwa chache zilizobuniwa kwa nafasi pana zaidi hapo. Fundi wa mabomba au wa umeme hatajali sana hayo. Fundi wa paa atalazimika kufunga kichanja cha chuma juu ya kebini, au kukodi gari jingine.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Kwenye kebini moja, sehemu kubwa ya bodi iko mbele ya ekseli ya nyuma, hivyo uzito hugawanyika kati ya ekseli zote mbili. Kwenye kebini mbili, bodi imesukumwa nyuma, na mzigo ukirundikwa karibu na mlango wa nyuma hukaa nyuma ya ekseli kabisa. Mzigo huo huinua pua ya gari kama mtoto mzito kwenye pembea ya ubao: usukani unakuwa mwepesi, magurudumu ya mbele yanashika barabara vibaya, na taa zinamulika mitini. Hali hiyo ikirudiwa kwenye barabara mbovu, chesi inaweza kupinda mahali kebini inapoachana na bodi. Vitu vizito huwekwa sakafuni, vikiegemezwa ukuta wa kebini, na vyepesi ndivyo hufuata nyuma.

Hesabu ya mzigo

Kila gari lina jumla ya uzito unaoruhusiwa, yaani gari, mafuta, watu na mizigo kwa pamoja. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba. Kwa pikapu nyingi za ukubwa wa kati ni takriban kilo 1,000, lakini matoleo ya kifahari yenye vifaa vingi yanaweza kuwa chini ya hapo, na kebini moja isiyo na mapambo mara nyingi huwa juu. Namba halisi husomwa kwenye kibandiko cha gari lenyewe au kitabu chake, si kwenye tangazo.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba abiria ni sehemu ya kilo hizo. Tuchukue kebini mbili yenye uwezo wa kilo 1,000. Mwenyewe amefunga bampa la chuma mbele, kifuniko cha bodi na ndoano ya kuvutia tela, vyote vikiwa na uzito wa kilo 110. Akipanda yeye na mafundi wanne, kila mmoja kilo 75, hao ni kilo 375. Zinabaki kilo 515, yaani mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, na mashine ya kuchanganyia zege haijapakiwa bado. Akiwa na mke na watoto watatu wanaofikia kilo 90 kwa pamoja, zinabaki kilo 650, sawa na mifuko 13. Picha ya pikapu yenye watu watano na mifuko 20 si ngeni barabarani, lakini gari hilo limezidisha uzito kwa karibu nusu tani.

Mchanga hudanganya zaidi kuliko saruji, kwa sababu haununuliwi kwa kilo. Bodi ya mita 1.5 kwa 1.5 yenye kina cha sentimita 48 huingiza zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Mita ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama kilo 1,600, na ukiwa umelowa hukaribia tani mbili. Kujaza bodi hadi ukingoni, kwa hiyo, ni kupakia tani 1.7 au zaidi kwenye gari la tani moja. Kwa familia ya mfano wa juu, mchanga mkavu usingepaswa kuzidi kina cha sentimita 18, na mtu akiuona ndani ya bodi atadhani gari halijapakiwa. Tofali za saruji za inchi 6 zenye urefu wa sentimita 45 huwa karibu kilo 30 kila moja, hivyo tofali 20 tu ni kilo 600.

Uwezo wa kuvuta tela ni hesabu nyingine. Hilux, Ranger na D-Max katika matoleo yao mengi zimeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake. Namba hiyo hutangazwa kwa herufi kubwa. Kisichotangazwa sana ni kwamba gari na tela pia vina kikomo cha pamoja, na mara nyingi kikomo hicho hakiruhusu bodi iliyojaa na tela lililojaa kwa wakati mmoja. Aidha, tela hukandamiza ndoano kwa takriban sehemu ya kumi ya uzito wake. Tela la tani 2 hula kilo 200 za uwezo wa bodi kabla ya kupakia chochote.

Kwa sababu hizo, mkandarasi mdogo anayehitaji tani tatu za mchanga mara moja kwa mwezi hana haja ya kutafuta pikapu yenye nguvu zaidi. Atakodi Canter siku hiyo, au kirikuu kwa safari fupi fupi za mjini, na pikapu itabaki kwa zana, watu na mizigo ya kati. Gharama ya kukodi kwa kawaida ni ndogo kuliko springi, klachi na chesi.

Injini na mafuta

Pikapu nyingi za kundi hili hutumia dizeli yenye turbo, ya silinda nne na ujazo wa lita 2 hadi 3. Hilux ya lita 2.4 hutoa kilowati 110, na ile ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020 hutoa kilowati 150. Kwa mzigo, msokoto wa injini kwenye mizunguko midogo una maana zaidi kuliko kilowati, kwani ndio huondoa gari lililojaa kwenye tope au mlimani bila kuchoma klachi. Injini ndogo inatosha kwa kazi za kawaida. Kubwa hufaa anayevuta tela mara kwa mara au anayeishi nyanda za juu.

Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hili hujisafisha kwa kuchoma masizi gari linapotembea mwendo mrefu na wa kasi. Gari linalozunguka tu kati ya duka la vifaa na saiti iliyo kilomita tatu halipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Dizeli yenye salfa nyingi huongeza tatizo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, lakini mafuta ya mitungi na madumu huko vijijini hayana mdhamini. Matoleo yanayouzwa rasmi Afrika mara nyingi hayana chujio hilo. Yanayoletwa yakiwa yametumika Uingereza huwa nalo, na mengine huhitaji pia kimiminika cha urea, ambacho hakipatikani kila mji.

Kusukumwa kwa magurudumu yote manne ni msaada kwenye viwanja visivyo na barabara na wakati wa masika. Mifumo mingi ya pikapu hizi hufunga mbele na nyuma kwa pamoja bila kuruhusu tofauti ya mzunguko, kwa hiyo haitakiwi kutumika kwenye lami kavu: hukaza gari kwenye kona na kuharibu giaboksi. Anayefanya kazi mjini tu anaweza kuokoa fedha kwa kuchukua ya magurudumu mawili. Kufuli la difu ya nyuma litamsaidia zaidi ya anavyodhani.

Starehe na usalama wa familia

Springi za nyuma za pikapu nyingi ni za majani, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa. Zimekazwa kwa ajili ya mzigo wa tani moja. Gari likiwa tupu, nyuma hurukaruka kwenye matuta na inaweza kuteleza kwenye lami yenye maji. Waliozoea gari dogo hushangaa kwamba pikapu hutulia zaidi ikiwa na kilo 200 nyuma. Nissan Navara iliyotoka mwaka 2014 ilipewa springi za mzunguko nyuma katika matoleo mengi ya kebini mbili. Hupanda vizuri zaidi ikiwa tupu, ila nyuma hukaa chini mapema inapolemewa.

Urefu wa gari kutoka ardhini, ambao ni faida saiti, huwa hatari kwenye kona ya ghafla. Mwaka 2016 gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu Hilux katika zoezi la kukwepa kikwazo, na gari likainuka kwa magurudumu ya upande mmoja. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza ni kifaa cha lazima kwa gari la familia, na hukosekana kwenye matoleo mengi ya bei nafuu.

Majaribio ya kugonga yameonyesha tofauti kubwa zaidi ya ile ya bei. Mwaka 2018 Global NCAP, katika mpango wake wa magari salama kwa Afrika, iliipa Nissan NP300 Hardbody nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, ingawa lilikuwa na mifuko ya hewa, kwa sababu kebini yenyewe haikuhimili. Isuzu D-Max ya kizazi cha tatu ilipata nyota tano nchini Australia mwaka 2020. Nyota hizo ni za toleo lililojaribiwa pale. Gari lenye sura hiyo hiyo linalouzwa nchi nyingine linaweza kuwa na mifuko ya hewa michache zaidi. Mnunuzi huhesabu mifuko ya hewa kwenye gari analoliona, si kwenye ukurasa wa matangazo.

Kiti cha mtoto hufungwa safu ya nyuma. Kwenye kebini moja hakuna safu hiyo, na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa usiozimwa. Viti vya dharura vya kebini ya nusu katika magari ya zamani vilitazamana ubavu na havikuwa na mikanda inayofaa.

Bodi si mahali pa watu. Haina kiti wala mkanda, na gari likipinduka hakuna kinachowazuia kutupwa nje. Desturi ya kuwapanda vibarua juu ya mifuko ya saruji, au watoto nyuma siku ya harusi, ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kulipia kebini mbili. Hata ndani ya kebini, koleo, sururu na mtungi wa gesi ya kuchomelea havikai pamoja na abiria: breki ikikanyagwa ghafla, vinaruka mbele kwa kasi ile ile gari iliyokuwa nayo.

Tairi na breki

Tairi ya pikapu ina namba ya uwezo wa mzigo ubavuni. Kwa mfano, 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Kubadilisha tairi za asili kwa zile za gari dogo zenye ukubwa sawa lakini namba ndogo ni kosa linalofanyika sana. Upepo wa gari tupu na wa gari lililojaa hutofautiana, na vipimo vyote viwili huandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Nyuma, pikapu nyingi bado zina breki za ngoma. Hudumu na huvumilia vumbi, lakini hukusanya unga wa saruji na tope, na zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara nyingi kuliko kitabu kinavyoelekeza. Chujio la hewa vivyo hivyo.

Kununua iliyotumika

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania huruhusu, ila hutoza kodi ya ziada kwa magari yaliyochakaa.

Kwa pikapu iliyofanya kazi za ujenzi, ukaguzi huanza chini ya gari na sio kwenye rangi. Nafasi kati ya kebini na bodi inapaswa kuwa sawa juu na chini. Ikiwa juu ni nyembamba au pana kuliko chini, chesi huenda imepinda. Springi zilizoongezwa jani ni ushahidi wa mizigo mizito. Magari yaliyotoka Uingereza hukaguliwa kutu ndani ya chesi, kwa kuwa huko barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi. Kutu ya chesi si jambo dogo hata kwa kampuni kubwa: nchini Marekani Toyota ilikubali mwaka 2016 kukagua na kubadilisha chesi za pikapu zake za Tacoma katika kesi iliyofunguliwa na wamiliki.

Oili ya difu ikitoka na chembe za chuma, bei ishuke au mnunuzi aondoke. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyeipasha moto kabla mteja hajafika ana sababu yake. Mwisho, vipuri: pikapu yenye nozeli zinazopatikana Kariakoo au Kirinyaga Road siku hiyo hiyo itarudi kazini kesho, na ile inayosubiri kipuri kutoka nje itakaa gereji huku mafundi wakilipwa bila kazi.